Kuzunguka Mwanza kwa nauli ya daladala: mpango wa siku tatu, hatua kwa hatua

Anayekuja Mwanza mara ya kwanza huuliza mambo yale yale. Jiwe la Bismarck linalipiwa? Kisiwa cha hifadhi cha Saanane ni mbali? Ziwani tunaogelea? Siku ya pili jioni huja swali la nne: hela imeishia wapi? Mara nyingi haikuishia kwenye viingilio. Imeishia barabarani, kwa kukatiza mji mara nne kwa siku, na kwenye boti iliyokodiwa na watu wawili wakati ingebeba kumi.

Mji huu umebanwa kati ya vilima vya mawe na maji, na njia kubwa za kutokea katikati ni tatu. Barabara ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Barabara ya Kenyatta inakwenda Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa. Barabara ya Nyerere inakwenda Mabatini, Nyakato, Igoma na Kisesa. Ukitaka kutoka njia moja kwenda nyingine, mara nyingi unarudi mjini kwanza na unalipa nauli upya. Ndiyo maana mpango huu una kanuni mbili: upande mmoja wa mji kwa siku moja, na ziwa liendewe asubuhi. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa ziwani huanza kuvuma, na kufika alasiri boti ndogo zinarushwa na mawimbi.

Uwe na nini kabla ya kutoka

- Kitambulisho (cha NIDA, au pasi ya kusafiria kwa mgeni). Viingilio vya hifadhi hutofautiana kati ya raia na wageni. Usipoweza kuthibitisha uraia, huwezi kudai bei ya raia.
- Hela kwenye simu. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa noti mkononi. Weka salio ukiwa mjini.
- Chenji: noti za buku na sarafu za mia tano na mia mbili. Konda hana muda wa noti ya elfu kumi saa moja asubuhi.
- Raba zenye soli inayoshika. Ndala kwenye mawe ya Mwanza ni kutafuta kuvunjika mguu.
- Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na koti jepesi la mvua kama ni Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba.
- Mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na utauhitaji ukinunua dagaa.

Bajeti ipige hivi: hesabu idadi ya kupanda gari kwa siku nzima, zidisha kwa nauli uliyouliza stendi, ongeza kiingilio na mlo mmoja wa samaki, kisha juu ya jumla ongeza moja ya tano. Hiyo ya tano ni ya bodaboda ya dharura na maji ya pili. Ukiikosa ndipo unapoanza kukopa.

Siku ya kwanza: Saanane, mjini na machweo

1. Fika Capri Point saa 2 asubuhi. Kutoka katikati ya mji unaweza kutembea. Ofisi ya hifadhi na gati la boti viko huko huko. Saanane ilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Eneo lake lote, maji na nchi kavu, ni kilomita za mraba 2.18 tu, na safari ya boti haizidi robo saa. Usimruhusu mtu yeyote nje ya geti akuambie ni mbali ili akuuzie "boti ya haraka".

2. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Boti inatozwa kwa kichwa au kwa safari? Kurudi kumo ndani ya bei? Mwongozaji analipwa tofauti? Kama ni kwa safari, subiri wenzako. Jumamosi na Jumapili makundi ya wanafunzi na familia ni mengi, na nafasi mbili tatu hupatikana. Vaa jaketi okozi kabla boti haijang'oa, ufunge kamba zote. Lililowekwa mabegani bila kufungwa linavuka kichwa ukianguka majini.

3. Zunguka kisiwa taratibu, saa mbili hadi tatu. Utaona swala pala, tumbili, na pimbi wakiota jua juu ya mawe. Lakini simama kwa muda kwenye mwamba wowote ulio wazi umtazame mjusi mmoja: dume lina kichwa, shingo na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, na kiwiliwili cha buluu, kama amechovywa nusu nusu kwenye ndoo mbili za rangi. Hujibana kwenye jiwe, anapandisha na kushusha kichwa, jike likipita anaongeza kasi. Jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limetokana na mji huu. Watu hulipa kiingilio wakitafuta wanyama wakubwa wakampita huyu, na ndiye hasa wa hapa.

Makosa ya Saanane: kuwapa tumbili chakula (kesho yake humpora mtoto mkononi), na kupanda mwamba wenye maganda. Mawe haya hubanduka kwa tabaka. Ukigonga kwa kisigino ukasikia sauti ya uwazi kama debe tupu, hilo ni ganda lililoachana na mwamba, na linaweza kuteleza likiwa na wewe juu yake.

4. Rudi saa 6, kula samaki kwa utaratibu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Usikae mezani ukaagiza "sato mkubwa". Nenda walipo samaki, msalimie mwenye jiko, umchague wako akiwa mbichi: jicho limejaa na linang'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza ubavu nyama inarudi. Jicho likishazama na matamvua yakawa ya kahawia, muache. Kisha uliza bei moja ya kila kitu: "Shikamoo mama. Huyu sato na ugali, kachumbari na kukaanga, jumla shilingi ngapi?" Neno *jumla* lisikosekane, maana ugali na kachumbari vikiachwa pembeni hurudi kwenye hesabu ya mwisho. Sato wa nusu kilo anamtosha mtu mmoja; wa kilo moja wanakula wawili kwa raha. Omba achanjwe chale hadi mfupani pande zote mbili, mafuta yaingie. Akiwa hajachanjwa huiva ngozi, na kando ya uti nyama inabaki na damu. Asiyependa mafuta aagize chukuchuku, supu yake ya nyanya na ndimu ni nzuri kuliko inavyosifiwa.

5. Alasiri pita Makoroboi. Jina limetokana na koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa zilizotengenezwa kwa makopo. Mafundi hugeuza vyuma chakavu na mabati kuwa vyombo vya nyumbani, na kelele ya nyundo utaisikia kabla hujawaona. Kutazama ni bure. Kupiga picha omba kwanza, na ukikubaliwa nunua hata kitu kidogo. Simu ibaki mfuko wa mbele.

6. Saa 11 uwe kwenye gati la kivuko cha Kamanga, upande wa mjini. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la Kansela wa Ujerumani Otto von Bismarck, liko majini karibu na gati la kivuko cha Kamanga, na ukilitazama ukiwa ufukweni hulipi chochote. Kuna njia ya kuliona kutoka ziwani kwa bei ndogo kuliko boti yoyote ya kukodi: kata tiketi ya abiria wa miguu kwenye kivuko chenyewe. Kuvuka kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, ni kama nusu saa. Ukienda na kurudi umepata saa nzima ziwani, mji wote wa mawe mbele yako. Safari hii ifanye asubuhi ya siku yoyote uliyo na nafasi. Dirishani uliza swali moja kabla ya kukata tiketi: "Kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi leo?"

Machweo yasubirie ufukweni. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku kutegemea mwezi, dakika 20 hadi 30 hivi baada ya Dar es Salaam, na waliotoka pwani huondoka mapema wakidhani wamelikosa. Kwenye simu, gusa sehemu ya anga iliyo angavu kabla ya kupiga picha. Jiwe litakuwa jeusi na anga litabaki na rangi zake. Ukigusa jiwe, anga lote linageuka jeupe. Usielekeze kamera kwenye gati, bandari wala askari.

Siku ya pili: upande wa Makongoro

7. Saa 1 asubuhi uwe Mwaloni Kirumba. Panda daladala la njia ya uwanja wa ndege, mwambie konda "Kaka, nishushe Mwaloni." Hili ni soko la samaki wa kukaushwa na dagaa, na magari hupakia mizigo ya kwenda hadi Kongo na Burundi. Vaa viatu vya kufunika vidole, pisha wabeba mizigo. Wakisema "njia!" hawana breki.

Angalia mwezi kabla ya kupanga siku hii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika na dagaa wapya huwa wachache. Giza likiwa nene, soko linafurika.

Kununua: chukua dagaa watatu, mpinde mmoja. Akivunjika kwa mlio amekauka. Akijikunja ana maji, na ataota ukungu ndani ya mfuko kabla hujafika nyumbani. Rangi iwe ya fedha, si ya kahawia. Sugua wachache kati ya viganja uone kama kuna mchanga: walioanikwa kwenye vichanja ni safi, walioanikwa chini hukwaruza meno hata ukiosha mara tano. Halafu onja mmoja, hakuna atakayekukasirikia. Mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara ukiyaona yameanikwa, yatazame kwa macho tu. Ni mali ya bei kubwa na wenyewe hawapendi mikono ya wageni.

8. Saa 4 endelea mbele kwa barabara hiyo hiyo hadi fukwe za Ilemela. Malaika na Tunza ndizo zinazotajwa sana. Daladala hukufikisha barabara kuu, kipande cha mwisho ni bodaboda au miguu. Uliza kama kuna kiingilio au kama soda moja inatosha kukaa kutwa.

9. Kuhusu kuogelea. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, hasa penye matete na magugu, na huingia mwilini kupitia ngozi bila kuuma. Wingi wao hupanda mchana jua likiwa kali. Maji kuonekana masafi si ushahidi wa chochote, na kujifuta haraka kwa taulo hakukuhakikishii usalama. Kama lengo ni kuogelea, chagua sehemu yenye bwawa. Usitumbukize miguu penye matete hata kwa picha. Mbali na konokono, matete ni makazi ya mamba na viboko.

10. Giza likiingia, kaa utazame ziwa. Hili ni la bure na ndilo tunalolisisitiza kuliko yote kwenye mpango huu. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao, upande wa maji unaonekana kama mji mwingine umejengwa ng'ambo: taa kwa mamia, zinapanda na kushuka polepole, nyingine zinakaribiana, nyingine zinajitenga. Saa 2 usiku zimeshatanda. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kukaa, maana daladala hupungua usiku.

Siku ya tatu: upande wa Nyerere

11. Panda gari la Kisesa saa 3 asubuhi. Bujora, Makumbusho ya Wasukuma, iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Panda stendi gari linapoanzia ili upate kiti. Mwambie konda mapema, si mkiwa mmeshafika: "Kaka, naomba unishushe njia ya Bujora." Kutoka barabarani ni mwendo mfupi wa miguu, au bodaboda moja mkipanda kwa bei mliyokubaliana.

12. Salimia kwa Kisukuma, kisha chukua mwongozaji. Asubuhi ni *Mwangaluka*, na jibu ni hilo hilo. Mchana kuendelea jioni ni *Mwadila*. Kushukuru ni *Wabeja*. Maneno hayo matatu yanafungua maelezo marefu zaidi kuliko bakshishi. Makumbusho yaliasisiwa na mmisionari kutoka Kanada, Padri David Clement. Kuna makazi ya Kisukuma, nyumba ya mganga, nyumba ya mhunzi, ngoma za watemi na banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Bila mwongozaji utaona vibanda na vyungu, utatoka ndani ya dakika ishirini ukidai hakuna kitu. Ukiwa naye saa mbili hazitoshi.

Ngoma haichezwi kila siku. Mkiwa kundi, agizeni mapema na mgawane gharama. Mtu mmoja ataiona ghali. Ukiweza kuchagua mwezi, njoo Juni kwenye Bulabo, sikukuu inayoambatana na Ekaristi Takatifu. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hucheza wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo watazamaji ndio waamuzi: mtu akileta chatu upande huu, umati unahama, upande wa pili unajibu kwa bugobogobo, majembe yanarushwa hewani na kudakwa kwa mdundo. Usisimame sehemu moja kutwa. Hama na wenzako.

13. Ukirudi, nunua michembe au matobolwa sokoni. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, huhitaji kupikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, unaweza kutafuna ndani ya gari. Wageni huchanganya, wakatafuna michembe mikavu na kulaumu meno.

Mwenye siku ya nne aitumie upande wa Kenyatta: panda gari la Sengerema au Geita kutoka Nyegezi uvuke daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Shuka Busisi, geuza. Ukerewe usiijaribu kwa siku moja. Meli hadi Nansio huchukua kama saa tatu, na ukikimbilia ya kurudi utakuwa umeona gati tu. Lala huko.

Mambo yakikwama

*Mvua imenyesha asubuhi.* Ahirisha Saanane na mawe yote. Ukoga ukilowa hauna tofauti na sabuni, na jiwe huhitaji saa mbili za jua kukauka. Badili siku: nenda Bujora, sehemu kubwa ya vitu iko ndani ya majengo.

*Malipo ya hifadhi yamegoma.* Mara nyingi ni mtandao. Nakili namba ya kumbukumbu, jaribu kwa laini nyingine au kwa wakala. Usimpe mtu noti "akulipie". Stakabadhi isipotoka kwa namba hiyo, hujalipa.

*Mwenye boti anataka kuondoka na upepo umeanza.* Tazama maji ya mbali. Ukiona vilele vyeupe vya mawimbi, usipande, hata kama umeshatoa kishika uchumba. Hesabu majaketi okozi kwa macho: yakipungua kwa mtu mmoja, safari haipo.

*Konda amekupitisha.* Shuka kituo kinachofuata, vuka, panda la kurudi. Usichukue bodaboda papo hapo. Ukionekana umepotea bei inapanda.

*Mwewe amekunyang'anya chakula.* Hutokea ufukweni. Kula ukiwa chini ya paa au mti, usinyanyue mkono wenye samaki.

*Umeingia majini kabla ya kusoma hatua ya 9.* Usikimbilie dawa siku hiyo. Kapime kichocho baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu mapema zaidi vipimo huweza kukosa mayai. Kikikutwa, tiba yake ni prazikwanteli kwa kipimo kinachoendana na uzito wako. Mwambie daktari tarehe uliyoogelea. Ukipata homa, vipele vya kuwasha au kikohozi kabla ya hapo, nenda mara moja.

*Umekosa kivuko cha mwisho Kamanga.* Kwa barabara utazunguka hadi Sengerema, urudi kwa daraja la Busisi, Usagara na Buhongwa. Ni safari ndefu na gari la kuunganisha usiku ni la kubahatisha. Kama ni zaidi ya saa 1 usiku, tafuta gesti Kamanga, ukae karibu na gati, uulize kivuko cha kwanza cha alfajiri.